Sahihi ya Wasimamizi

Kazi yangu ni kupima shaba na kobalti katika maabara karibu na Kingamyambo. Sitii sahihi chini ya tarakimu ambayo sijaipima mara mbili. Nayataja haya ili ieleweke kwa nini, Jumamosi ile, nilikataa kusaini fomu ya wachumba Tatiana na Jeancy.

Parokia yetu hapa Kolwezi huwapa wachumba mume na mke wa kuwasimamia. Kwa Jumamosi sita huja nyumbani kwa wasimamizi kufundishwa. Kisha mume na mke hao wawili hutia sahihi chini ya sentensi moja: "Tuliyowafundisha, nasi tunayaishi." Padri alihitaji fomu kesho yake asubuhi. Ikikosekana, matangazo ya ndoa hayasomwi kanisani, na arusi inangoja hadi baada ya Pasaka.

Mume wangu Omer, dereva wa lori katika mgodi wa Mashamba, alikwisha kusaini. Ndiye aliyefundisha zaidi. "Mwanaume akitoka ku kazi," alimwambia Jeancy kila Jumamosi, "mbele ya kutosha viatu ku miguu, anauliza bibi yake siku ilipita namna gani. Na anangojea jibu." Tatiana aliitikia kwa kichwa kwa furaha, naye Omer akamtabasamia. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Katika miaka ishirini na moja ya ndoa, Omer akiingia huniuliza kama maji ya kuoga yamepata moto.

Nilirudisha kalamu mezani.

"Mama Mbombo, tulifanya kosa gani?" Tatiana aliuliza.

"Hamuna kosa. Ni miye niko na wivu."

Jeancy alicheka. "Wivu ya Tatiana? Tata Omer anamuitaka 'mutoto yangu.'"

"Wivu ya maneno yenye anamupatia. Minayasikia humu kila samedi ya mafundisho, na haiko yangu. Siwezi kusaini uongo."

Jeancy aliacha kucheka. Omer alitazama mikono yake.

"Ni kweli," alisema. "Nabafundishaka kitu yenye ilinishinda. Ni kwa sababu ile naijua muzuri."

"Basi andika vile mu fomu."

Hakuandika. Aligeuza kiti chake, akanielekea. "Mama Joyeuse," alisema, kwa jina la binti yetu, "leo kazi ilipita namna gani?"

Wachumba walitazama chini. Nilimpa maelezo yote: sampuli moja iliyonipa majibu mawili tofauti, nikairudia, likatoka jibu la tatu, nikaifunika na kuiweka kando. Dakika kumi na mbili, kwa saa ya ukutani. Hakunikatiza.

"Ilibakia ya kutosha, ya kupima lundi?" aliuliza, maana Jumatatu ningerudi maabara.

Mtu asiyesikiliza asingeweza kuuliza hivyo. Hata hivyo ningependa aniulize siku ambayo Tatiana hayupo.

Nilisaini. Baada ya neno "tunayaishi" niliongeza: "tangu leo," na tarehe.

Jeancy aliisoma. "Padri ataikubali?"

"Ataikubali. Ni kweli."

"Na lundi?" Omer aliuliza.

"Lundi nitakupima mara ya pili."