Mkono Tutani

Nilisimama kusema mkutanoni. Mwaka huu mvua zilikuwa zimewahi. Wingu jeusi limetanda juu ya mpunga wetu, na kijiji kizima kimekaa kupanga sherehe ya kuwatoa wafu wetu makaburini na kuwavisha sanda mpya. Mimi nilitaka sherehe isubiri, mikono yote iende kwenye tuta linalozuia mto usiingie mashambani. Kaa walikuwa wamelitoboa. Likivunjika, mpunga wote umekwenda.

Nikainua simu. "Tazameni picha hii! Tuta letu..."

"Wee, Voahangy!" Mzee Ralaivao alinikatiza. "Umeshajivua lawama?"

Watu wakaangua kicheko. Kwetu huhutubii kabla ya kuomba radhi kwa kuthubutu kusema, nami kwa pupa nilikuwa nimeruka mlango, nikaingilia dirishani.

"Shule ya mjini Antsirabe hiyo," mama mmoja alisema. "Imemfunza yote ila adabu."

Nikaanza upya. "Mimi si mkubwa, ni mdogo wenu. Si shina, ni kitawi. Nikikosea, lawama inipate mimi, isiwaguse wazazi wangu."

"Haya, sasa umebisha hodi," alisema Ralaivao. "Lakini picha! Shimo ni shimo, binti. Nitajuaje kama si la huko Antsirabe?" Kicheko tena. "Na nani hapa atamwambia mfu wake asubiri?"

Nikamtazama mama yangu, amepakata sanda ya hariri aliyokuja kuionyesha.

"Baba yangu ndiye wa kwanza kuvishwa mwaka huu," nilisema. "Atasubiri."

Mama aliinamisha kichwa. Kicheko kikakatika.

"Picha mmeikataa. Twende tutani, Mzee, utie mkono wako mwenyewe."

Tulikwenda. Ralaivao alipiga magoti, bado anatania, akaingiza mkono. Ukazama hadi kwenye kiwiko. Ukazama hadi begani. Nilimwomba Mungu Mzee asiguse mwisho wa shimo, kisha ombi lenyewe likanitisha: nilikuwa nikiliombea tuta letu shimo refu. Alipoutoa, mkono wa shati ulikuwa ukichuruzika maji, na utani umemwishia.

Alisimama, akawageukia watu.

"Mimi si mkubwa," akaanza, "niondoleeni lawama..."

Hakumaliza. Watu walishakimbilia majembe. Mama peke yake hakuondoka. Alikuwa akitazama kaburi la baba mlimani, sanda kifuani, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuilowesha hariri.