Kambale Wawili wa Ziwa Mchelea

Gari dogo la mizigo lilisimama kando ya Ziwa Mchelea saa nne asubuhi, akashuka mtu ambaye hakuna aliyemjua. Alijiita Nurdini. Ziwa lilikuwa limebaki dimbwi moja katikati ya tope lililopasuka, limejaa kambale wanaogongana migongo. Alilitazama akacheka.

"Mnawalinda kwa nini? Wiki ijayo wote mizoga. Leteni nyavu!"

Misimu miwili Mto Rufiji haukufurika hadi huku. Mpunga ulikauka. Kijiji kilikuwa kimeapa kuwaacha kambale hao wawe mbegu, lakini Nurdini aliposhusha magunia ya unga abadilishane kwa samaki, kiapo kikaisha.

Zamda alikimbia kumweleza mumewe, Faraji, aliyelala na mguu uliovunjika. Faraji ndiye aliyeuziba mfereji wa kutoka ziwani hadi mtoni kwa uzio wa matete, mwaka ule wa maji mengi, samaki wasirudi mtoni. Walimsifu sana. Sasa mfereji ulikuwa vumbi, na watu wakipita dirishani humwita Bwana Kufuli.

Faraji akamwambia, "Nitolee wawili tu, mama Muzdalifa. Dume na jike. Wapeleke mtoni. Niahidi."

"Nakuahidi."

Samaki walipovuliwa na kugawanywa, fungu la Zamda lilikuwa kambale wawili tu, dume na jike aliyejaa mayai. Akawatia ndooni, akawamiminia maji yote ya kunywa yaliyokuwa mtungini.

"Shangazi, huyo jike namtaka," Nurdini alimzuia njiani. "Chukua gunia zima."

Muzdalifa, binti wa Zamda, alikuwa hajala tangu jana yake. Akamvuta khanga. "Mama, kubali."

"Mwacheni, anapeleka maharusi!" alipaza sauti jirani yao, Safina. "Zamda, ngoma utapiga mwenyewe?"

Watu wakacheka, hata waliokula kwake mwaka jana. Zamda akajitwika ndoo, akaondoka. Muzdalifa alimfuata akilia hadi kwenye mashamba, kisha akachoka, akakaa chini. Mama yake hakugeuka; angegeuka, angerudi.

Ulikuwa mwendo wa saa mbili juani. Koo lilimkauka, na maji yalimgonga kichwani kila hatua. Hakuyanywa.

Mtoni, mvuvi mmoja alichungulia ndooni. "Dada, una wazimu? Nipe mimi."

Zamda aliingia hadi magotini, akainamisha ndoo. Jike alitulia kidogo mguuni pake, kisha akazama. Dume akamfuata.