Kina cha Mifuo

…ameuinua tena mtutu wa bastola, anauelekeza dirishani, jicho moja kalifumba, na mimi nimesimama hapa na kitambaa cha mafuta mkononi, mwanamke mzima mwenye mvi, sema basi, baba, sema neno, lakini Giacinto Bonsi hasemi akichungulia mtutu, hata marehemu mama alilijua hilo, ugali wake wa polenta ulimpolea mezani… na ni mifuo tu, mistari inayozunguka humo ndani ili risasi itoke ikijizungusha, nimeichonga kwa kina bila kumwuliza, nimeacha kipimo chetu, kipimo cha babu, na babu alikitoa kwenye ile bastola ya kale ya Kimarekani iliyotundikwa juu ya mlango, ndiyo tunayoiiga tangu hapo, mji mzima wa Gardone unazijua bastola za kina Bonsi, nzuri kweli, ila ukipiga mara chache masizi ya baruti yanajaza mifuo na risasi inajiendea itakako, "Zenu ni za kupamba ukuta, Ornella," binamu yangu Tarcisio alinitania kwenye mashindano ya kulenga shabaha, nikacheka, sijui nilichekaje, kisha akanionyesha ya kwake, ya kale vilevile, ya aina ileile ya babu, ila haikuwahi kupigwa tangu itoke kiwandani, nikaingiza ukucha kwenye mdomo wa mtutu, ukanasa, kina hasa, nikajua palepale, ile ya babu ilikuwa imelika, imepigwa na kusuguliwa mpaka mifuo ikabaki michirizi, na sisi tukaiga uchakavu tukidhani ni ufundi… sasa nitamwambiaje mzee kama huyu kwamba maisha yake yote amechonga kosa la baba yake, tena kwa uangalifu ule, ataniondoa kwenye mashine, atafunga karakana, naogopa, ndiyo, ila kumvunja moyo naogopa zaidi ya kufukuzwa… kasema kitu? hapana, kakohoa, na Tarcisio anakuja kuuchukua kabla ya chakula cha mchana, aende akaujaribu, na bila idhini ya baba hautoki mlangoni, hapa ndivyo tulivyozoea… anaugeuza, anachungulia upande wa pili, kidole chake kinapapasa mdomo, ukucha umeingia, umenasa, nimeuona ukinasa, anajua, Mungu wangu, baba anajua…

"Ornella."

…naam, baba…

"Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

…nasogea, nakaribia kujikwaa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, mwanga, ameomba mwanga, mtu anayetaka kukataa angeshauweka mezani na kwenda kunywa kahawa yake, huyu anataka kuona zaidi, uso umemkunjuka, mdomo umemwachama, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlilia kimoyomoyo kana kwamba keshakufa, jamani, mtu hazeekei kazi hii bila kuipenda kuliko jina lake, bado jicho liko dirishani, basi achungulie, achungulie hata mpaka jioni, Tarcisio atasubiri, na baba akiniuliza nani kanifundisha kina hiki nitamwambia yote, kuanzia kwa babu, na sitapunguza sauti.