Kompyuta Iliyoshukiwa Muthara

Walioacha kuja kwanza walikuwa walimu. Lenah Kinya alilitambua hilo mapema, maana walimu ndio waliokuwa wakimjazia wiki: mtihani wa kuchapwa, fomu ya uhamisho, barua ya kuomba ruhusa. Chumba chake cha uchapaji kilikuwa Muthara, kando ya kinu cha posho, na ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja na benchi la wanaosubiri. Wiki hiyo benchi lilikaa tupu mpaka Jumatano. Aliposimama mlangoni kupunga hewa, aliwaona walimu wawili wakipita ng'ambo ya barabara, bahasha mkononi, nyuso wamezielekeza mbele kama watu wanaopita nyumba ya mtu anayewadai. Waliingia kwa Murungi.

Murungi alifungua duka lake mwaka uliotangulia. Aliuza laptopu zilizotumika Ulaya, akazipanga dirishani zote zikiwa zimewashwa, na pembeni akaweka meza mbili za saiba, za watu kulipia intaneti. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu Lenah kila asubuhi, na printa yake ikikwama alikuwa akija kuomba msaada.

Lenah alifunga mlango, akavuka barabara.

"Murungi, nimewakosea nini watu?"

Murungi alitazama chini. "Mama, si wewe. Ni ile mashine."

"Mashine imefanya nini?"

"Hujasikia ya Mzee Mithika?" Akamvuta kando, mbali na wateja. "Mtu ameingia kwenye barua pepe yake, akamwandikia binti yake Kaari kule Doha kwamba mzee amelazwa, anahitaji kupasuliwa haraka. Kaari akatuma pesa zote alizokuwa nazo. Jumapili akapiga simu kumwuliza baba yake jeraha linaendeleaje, akamkuta anapalilia mahindi. Na mzee hafungui barua yake mahali pengine popote isipokuwa kwako."

"Nani amesema ni mashine yangu?"

"Mzee mwenyewe amesema hafungui kwingine. Mimi nilichosema ni ukweli tu, kwamba kompyuta ya umri ule haipati tena masasisho. Ina matundu kama chujio. Mtu yuko mbali huko anaweza kuchungulia ndani na wewe umekaa hapo hapo unakunywa chai."

Alirudi chumbani kwake, akaketi mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Aliinunua Meru mjini miaka kumi na miwili iliyopita, na hata wakati huo ilikuwa imeshatumika. Ubavuni bado ilikuwa na kibandiko cha ofisi fulani ya ng'ambo, maandishi ambayo hakupata kamwe kuyasoma. Ilichelewa kuwaka. Ukiibonyeza, ungeweza kufagia chumba chote kabla haijakuonyesha chochote. Lakini ilikuwa imechapa programu za mazishi za nusu ya lokesheni, na kadi za harusi, na barua iliyompeleka Kaari huyo huyo Doha kuwa muuguzi. Lenah ndiye aliyeiandika barua hiyo. Na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia Mzee Mithika majibu ya binti yake na kumsomea, kwa sababu miwani ya mzee haikufaa tena.

Sasa aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wake anayedaiwa kuwa ameuma mtoto wa jirani. Kila taa ndogo iliyometameta mbele yake usiku na mchana, kila mara ilipokwama bila sababu, alianza kuvikumbuka kwa namna nyingine. Lisemwalo lipo, alijiambia. Na kama ni kweli, ni watu wangapi wameibiwa na hawajajua?

Kesho yake aliifunga kwa leso mbili akaipeleka Meru mjini kwa fundi aliyeitwa Carol, mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha ufundi chuoni na ambaye sasa alikuwa na karakana ghorofani, nyuma ya soko. Carol hakupendwa na wauzaji, kwa kuwa aliwaambia watu wasinunue kitu kama hawakihitaji.

Lenah alimweleza yote. Kisha akasema, "Nataka jambo moja tu. Niambie kama hii mashine bado inafaa au imekuwa mwizi."

Carol alifungua kifuniko. Vumbi lilikuwa limefanya blanketi. "Kufa haijafa," alisema, akipuliza. "Moyo unafanya kazi, ubongo unafanya kazi. Imechoka diski, na hiyo inabadilishwa. Ila mfumo uliomo, waliouunda waliacha kuutunza zamani. Tundu likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba. Kwa programu ya mazishi haidhuru. Kwa paswadi za watu, hapana."

"Basi Murungi amesema kweli."

"Murungi amesema nusu. Mlango mbovu haumaanishi kwamba mwizi ameingia. Ngoja tutazame."

Waliitazama kwa saa mbili. Carol aliipima kwa programu yake mwenyewe, akapata vijidudu viwili vya kale, vya kuleta matangazo tu. Hakukuwa na kitu cha kuchungulia wala cha kunakili. Lenah alianza kupumua. Ndipo Carol akafungua ukurasa mwingine, akaigeuza skrini upande wa Lenah.

Ilikuwa orodha ya majina. Mwalimu mkuu. Katibu wa kanisa. Mke wa chifu. Mithika. Kando ya kila jina, paswadi.

"Hii ni nini?" Lenah aliuliza, ingawa alishajua.

"Mtu akiingia kwenye barua yake, kompyuta huuliza, niihifadhi? Umekuwa ukibonyeza ndiyo."

"Wazee wanasahau, Carol. Walikuwa wanarudi kila mara, paswadi imepotea, tunaanza upya. Nilikuwa nawasaidia."

"Najua. Lakini yeyote aliyekaa kwenye kiti chako alikuwa na funguo za nyumba zote hizi. Hata ungenunua mashine mpya kabisa kwa Murungi, ukaitumia hivi, ingekuwa vile vile." Carol alishuka chini zaidi kwenye skrini. "Barua ya Doha ilitumwa lini?"

"Nasikia ni Alhamisi, tarehe kumi na moja."

"Basi barua ya Mithika ilifunguliwa hapa hapa, kwenye mashine yako, siku hiyo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mzee alikuwa kwako?"

Mzee hakuwepo. Lenah alikumbuka asubuhi hiyo vizuri, kwa sababu karatasi za rangi zilimwishia katikati ya programu ya mazishi na waombolezaji walikuwa wamesimama mlangoni. Alikimbia kutafuta nyingine sokoni. Alimwacha mteja mmoja kwenye kiti, akiandika mwenyewe barua ya kuomba kazi kwa kuwa alijua kuchapa. Alikuwa Kirimi, kitinda mimba wa Mzee Mithika.

Carol aliusoma uso wake. "Usiniambie ni nani. Lakini nikupe shauri? Sema mashine ilikuwa kuukuu. Watu wataelewa, utanunua nyingine, yaishe."

Shauri hilo lilikuwa tamu. Lenah alilizungusha kichwani kwa muda. Mwishowe akasema, "Futa hayo majina yote. Weka hiyo diski. Na kama kuna mfumo mwingine unaotunzwa, uweke."

"Upo, wa bure, na ni mwepesi. Utakusumbua wiki moja, halafu utauzoea."

Jumamosi aliteremka hadi shambani kwa Mzee Mithika. Alimkuta akikata matawi makavu ya mkahawa.

"Muga, Mzee," alimsalimu kwa Kimeru.

"Muga, mwari. Keti hapo kivulini."

Hakuketi. Alimweleza alichokiona Meru: siku, saa, na aliyekuwa kwenye kiti. Mzee aliendelea kukata. Tawi moja lilianguka, kisha la pili.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Kaari alinisomea namba ya simu iliyotumiwa pesa hizo. Laini hiyo nilimnunulia Kirimi mimi mwenyewe, alipomaliza shule." Aliliweka chini panga lake. "Sikuwahi kusema ni mashine yako iliyoiba, Lenah. Nilisema tu sifungui kwingine. Watu wakamalizia. Na mimi nikawaacha."

"Nimekaa wiki nzima bila mteja, Mzee."

"Mashine haina mama. Haina kanisa. Ikisemwa vibaya haioni aibu. Kirimi ana miaka ishirini na sita, hajapata kazi hata moja, na wakimjua hapa, ataipata wapi?" Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Iache ibebe. Ni chuma tu."

"Mashine haisikii, ni kweli. Lakini mimi nasikia." Aliliokota tawi moja lililoanguka. "Na kuna jingine. Paswadi yako niliihifadhi mle bila kukuuliza. Ndivyo alivyoingia. Hilo ni kosa langu, si lake wala la mashine."

Mzee alikunja uso. "Yangu peke yangu?"

"Za wote. Zimefutwa."

"Nitajuaje kwamba zimefutwa?"

"Hutajua. Itabidi uamue mwenyewe."

Njiani kurudi alijiuliza kama hakuwa amejichimbia shimo la pili.

Wiki iliyofuata alizunguka kwa wateja wake mmoja mmoja, akiwaambia wabadilishe paswadi na kwa nini. Mwalimu mkuu alimshukuru. Katibu wa kanisa alimwuliza kwa ukali alikuwa amesoma barua zipi za kanisa, na hakuamini alipojibiwa kwamba hakusoma hata moja. Mke wa chifu alifunga mlango Lenah akiwa bado anazungumza.

Siku ya soko, Mzee Mithika alitokea. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Aliketi kwenye benchi la Lenah, mlango wazi, watu wakipita, akakaa pale asubuhi nzima bila kuomba huduma yoyote. Waliomsalimu walimwuliza kama haogopi. Aliwajibu wote kwa sauti ile ile ya kusoma matangazo kanisani: "Iliyoniumiza si kompyuta hii. Ni mtu, na ninamjua."

Jina hakulitaja. Kufikia saa sita mchana, soko lilikuwa limejitafutia jina lake. Nani aliyenufaika Lenah alipokosa wateja? Nani aliyekuwa wa kwanza kusema habari za matundu? Mchana huo viti vya Murungi vilikuwa vitupu, na mwanamke mmoja aliyekuwa amelipia laptopu alitaka kuirudisha akidai inamchungulia.

Murungi alivuka barabara jasho likimtoka. "Mama Lenah, wananiangalia mimi. Naapa sijawahi kugusa barua ya mzee."

Lenah alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwa wiki mbili usingizi ulikuwa umempaa kwa sababu ya maneno ya mtu huyu. Ingetosha kunyamaza tu, kama Mzee alivyonyamaza. Aliinuka, akatoka hadi kwenye ngazi ya kinu cha posho ambako wanawake walikuwa wamepanga foleni na makopo yao.

"Si Murungi," alisema. "Msimchome mtu wa watu. Si yeye."

"Basi ni nani?" mmoja aliuliza.

"Wa kulisema hilo si mimi."

Hawakuridhika. Lakini laptopu haikurudishwa.

Wateja walirejea kidogo kidogo, si wote. Kompyuta sasa iliwaka haraka kiasi kwamba Lenah hakuwahi tena kufagia akiingoja. Kila aliyeingia kwenye barua yake aliketi mwenyewe, akaandika paswadi yake mwenyewe, na kabla hajainuka Lenah alisimama mgongoni kwake mpaka ahakikishe ametoka kwenye barua hiyo. Baadhi walichukizwa. Walisema amekuwa kama askari wa gereza.

Jumatatu moja, mvua ikinyesha, Kirimi alisimama mlangoni. Hakuwa na karatasi yoyote. Maji yalimchuruzika kutoka kofiani na hakuyafuta.

"Hawajaacha kuuliza ni nani," alisema.

"Najua."

"Baba haongei na mimi. Anapita tu." Alimeza mate. "Utawaambia?"

"Kama ningetaka kuwaambia ningewaambia siku ile ya soko."

Kirimi alitazama kompyuta, kisha akatazama kando. "Nataka kumwandikia Kaari. Kwa anwani yangu mwenyewe. Simu yangu niliiuza, nimeanza kumrudishia."

Lenah hakujua kama aamini. Mtu aliyeweza kumwandikia dada yake kwamba baba anakufa angeweza kuandika chochote. Hata machozi, kama yalikuwa machozi na si mvua, hayakuwa ushahidi. Kijana akageuka kuondoka.

"Njoo ukae," alisema.

Kirimi aliketi. Lenah alivuta kiti cha pili, akakibandika kabisa na kile cha kwanza, akakaa bega kwa bega naye, macho kwenye vidole vyake. Kijana aliandika mstari mmoja akaufuta. Akaandika mwingine.

"Unaweza kuangalia pembeni kidogo?" aliomba.

"Hapana," alisema Lenah. "Andika."