Mashine ya Kuzungusha

Mke wa Mkono aliingia kwenye duka la vyombo vya muziki na mashine kuukuu kwapani, mumewe akimfuata nyuma mikono mfukoni, na hapo hapo mwenye duka akajua kuna jambo. Mkono hakuwa mtu wa kubebewa mashine. Miaka ishirini na mbili amepiga muziki kwenye harusi na mahafali, na hiyo mashine yake ya kuchanganyia nyimbo hakuwahi kumwachia mtu. Hata akienda chooni alikuwa anageuka mara tatu kuitazama.

Jina lenyewe la Mkono alipewa kwa ajili ya mashine hiyo. Ilikuwa ya vitelezi, yaani vile vishikio bapa unavyovisukuma juu na chini kwenye mifereji yake, wimbo huu unapanda, ule unashuka. Mkono alikuwa akivisukuma kwa kidole kimoja, ta-ta-ta, anakata wimbo katikati ya neno, anarusha mwingine juu yake, watu wanapiga kelele mpaka sauti zinawakauka. Ukimwuliza habari ya zile mashine nyingine, zenye vitufe vya duara vya kuzungusha, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Zile ni za kufungulia bomba la maji," anasema. "Mtu mzima na akili zako, unasimama mbele ya watu unazungusha kama unatafuta stesheni ya redio!"

Sasa mtu huyo huyo, asubuhi ile ya Alhamisi, alizipita mashine za vitelezi zote bila kuzitupia jicho, akaenda kusimama mbele ya mashine ya kuzungusha.

"Naomba niione hii," alisema.

Mwenye duka, ambaye kila mtu anamwita Fundi Waya, aliweka kikombe chake cha chai chini. "Hii? Wewe? Ngoja nifunge mlango kwanza, wasije wakakuona."

"Acha maneno yako, Fundi."

"Si nauliza tu! Au kuna bomba limeziba nyumbani?"

Mkono hakucheka. Mkewe ni fundi cherehani, macho yake yamezoea kuona uzi uliofumuka kutoka upande wa pili wa chumba. Alimtazama mumewe usoni, roho ikamuuma.

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yao. Tangu akiwa mtoto wa kupanda juu ya spika, binti huyo alikuwa akisema siku yake atapigiwa na baba tu, hataki mwingine. Lakini wiki tatu nyuma, kwenye mahafali ya chuo cha uuguzi, muziki wa Mkono ulikuwa unapanda na kushuka hovyo hovyo. Mkuu wa chuo aliposimama kuhutubia, wimbo ulimrukia ghafla mpaka akadondosha karatasi zake. Watu wakaanza kunong'ona: amelewa. Amelewa, jamani! Mtu ambaye hajawahi kuonja hata tone! Na Mkono badala ya kukana akanyamaza kimya. Nyumbani alisema mashine imechakaa. Maneno yakamfikia binti, na jana yake akampigia mama yake simu akilia: kama baba ameanza pombe, aambiwe mapema atafute mtu mwingine. Mama akamwomba siku moja.

Siku yenyewe ndiyo hii. Mama mtu akaitua ile mashine kuukuu juu ya kaunta.

"Kabla hatujanunua chochote, Fundi, hebu iangalie hii. Anasema imekufa."

"Ya nini?" Mkono alidakia. "Si nimekwambia imekwisha? Vitelezi vinarukaruka. Usimpotezee mwenzio muda."

"Muda anao. Tangu tuingie anakunywa chai."

Fundi Waya akachomeka nyaya, akaweka nyimbo mbili, akasukuma kitelezi kwa dole gumba. Sauti ikapanda laini, ikashuka laini. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akajaribu tena. Vile vile.

"Mbona nzima? Shemeji, hii itatuzika sote. Mkono, hebu njoo unionyeshe inaporuka."

Kukataa kungekuwa kubaya zaidi, kwa hiyo Mkono alisogea. Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaweka kidole juu ya kitelezi. Wimbo ukashtuka, ukapanda, ukazama, ukapanda tena. Fundi Waya alifungua kinywa amtanie, kisha akakiona kile kidole. Kilikuwa kinatetemeka, na mkono wote hadi kwenye kifundo. Akakifunga kinywa chake na kuuzima muziki.

"Tangu lini?" aliuliza taratibu.

"Ni baridi tu."

"Baridi gani, na jasho linakutiririka?"

"Tangu mwezi wa tatu," mkewe alijibu.

Mkono akageuka, ametoa macho. "Wewe umejuaje?"

"Tazama shati lako."

Akainamisha kichwa kulitazama. Kuanzia kwenye kola mpaka chini, shati lilikuwa na vifungo vya chuma, vile vya kubana ambavyo ukivigonga tu vinajifunga, ta!

"Mashati yote saba nimeyabadilisha," mkewe alisema. "Ulidhani ni fasheni?"

Na kweli alidhani ni fasheni, maskini! Alikuwa amewatambia hata wenzake kwamba mkewe anakwenda na wakati. Hakujua kwamba asubuhi moja ya mwezi wa tatu mkewe alisimama nyuma ya pazia akamwona anapigana na kifungo cha kola, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akakaa kitandani akakikodolea macho kile kifungo kama mtu aliyetukanwa. Mkewe alikwenda sokoni akanunua vifungo vya kubana, pakiti nzima.

"Kila nikikuuliza, unasema umeulalia vibaya. Nikikwambia hospitali, wiki ijayo. Baada ya mahafali. Baada ya harusi. Miezi mitano unanizungusha, baba watoto! Na mimi nikakuacha unizungushe, nikasema atasema mwenyewe siku moja. Nimekosea. Ningekukamata shati siku ile ile."

Mkono aliuficha tena mkono mfukoni. "Ningesema nini? Jina langu ni Mkono. Nikisema mkono umekwisha, mimi nabaki nani? Bora waseme mlevi. Mlevi ataacha pombe, watu watasahau."

Hapo mkewe alipiga kaunta kwa kiganja, kikombe cha Fundi Waya kikaruka.

"Bora mlevi? Mwanao jana analia kwenye simu, anauliza baba yake kaanza lini kulewa, wewe unaniambia bora?"

"Analia?"

"Analia! Ulidhani anacheka?"

Mkono alivuta kigoda akakaa. Mkewe akajuta kupaza sauti, ila si kwa alichokisema. Alimwekea mkono begani, na chini ya kiganja chake akausikia ule mtetemo.

Fundi Waya akahamisha nyaya, akaiwasha mashine ya kuzungusha.

"Njoo huku, ndugu yangu. Kiganja kiegemeze hapa, juu ya bati. Kilaze kabisa. Sasa kishike kitufe kwa vidole vitatu. Ni kizito kidogo, hakikurupuki. Zungusha."

Mkono akazungusha. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, lakini kiganja kilikuwa kimepata pa kulalia, na kitufe kikawa kinakwenda polepole kwa uzito wake. Mkewe alitega sikio asikie wimbo wa kwanza utakapokatika. Akasubiri, akasubiri. Mwisho akajikuta anatikisa kichwa kwa wimbo wa pili.

"Umeshabadilisha?"

"Kitambo," Mkono alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua uso. Kisha akauinamisha tena. "Lakini hapa siwezi kukata. Ile ta-ta-ta haipo."

"Haipo," Fundi Waya alikubali. Hakutaka kumdanganya. "Ile imekwisha, rafiki yangu. Hii ni nyingine."

Mkono aliigeukia mashine yake ya miaka yote. Alikipitishia kidole kitelezi cha katikati, ambacho yeye mwenyewe alikisugua mpaka rangi ikatoka. Fundi Waya aliangalia pembeni, na mkewe akaangalia nje, wakampa nafasi.

"Nifungie ya kuzungusha," alisema hatimaye.

"Asifunge kwanza," mkewe akasema. "Hospitali."

"Harusi ikishapi—"

"Baba watoto! Usinizungushe."

Fundi Waya alipaliwa na chai.

"Leo," Mkono alisema. "Tukitoka hapa, moja kwa moja."

"Na mwanao?"

Akatoa simu, lakini kidole kilikuwa kinagusa majina mawili mawili. Zamani angesingizia mtandao unasumbua. Leo aliisukuma simu kwa mkewe, naye akabonyeza, akaiweka juu ya kaunta wote wasikie.

"Mama?"

"Ni mimi, mwanangu," Mkono alisema. "Sikiliza. Baba hanywi. Sijawahi kunywa. Mkono wangu unatetemeka, ndiyo maana siku ile muziki uliharibika. Leo naenda hospitali na mama yako. Nimepata mashine nyingine, lakini ile ya kukatakata siwezi tena. Nitapiga taratibu tu. Kama unataka mtu mwingine Jumamosi, sitakasirika."

Wakamsikia binti akivuta pumzi.

"Taratibu kiasi gani, baba?"

"Taratibu sana."

"Basi na mimi nitaingia taratibu," binti alisema.

Mkono aligeuza uso, akaanza kupapasa mifuko ya suruali.

"Mama? Baba yupo?"

"Yupo, mwanangu," mama yake alisema. "Anatafuta leso." Akaitoa mwenyewe kwenye mfuko wa shati la mumewe, akampa, kisha akakibana kifungo cha mfuko huo, ta, mbele ya Fundi Waya, bila kujificha.