Shaba Isiyopata Moto

Mashine ilizimika mara ya tisa nikiwa katikati ya jedwali la samaki. Haikuzimika kwa adabu. Herufi ziliganda, kioo kikajaa alama zisizosomeka, kisha kikawa cheusi tii. Mistari kumi na saba kuhusu samaki wa ziwa Tshangalele ilipotea, maana nilikuwa sijaihifadhi. Nilipiga meza kwa kiganja, nikaumia mimi, meza wala haikujali.

Ilikuwa Jumanne, Oktoba ya 1995. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilitakiwa kwa mwalimu Evariste Ijumaa, saa sita mchana, imechapwa, nakala tatu. Chuo kilikuwa kimefungwa miaka mitatu kwa vurugu za nchi, na kozi ya miaka mitatu ilikuwa imenila sita. Niliingia msichana wa ishirini na mmoja, sasa nilikuwa na ishirini na saba. Asiyewasilisha Ijumaa angengoja mwaka mwingine, kama huo mwaka ungekuwepo. Wachapaji wote wa mjini walikuwa na foleni mpaka Novemba. Kwa hiyo ilikuwa kompyuta hii au basi.

Aliyeiunda ni papa, yaani baba yangu, Casimir, hapahapa nyumbani kwetu Panda, Likasi. Alikuwa fundi wa karakana miaka ishirini na minane, namba yake 4417, mpaka karakana ilipofungwa akarudi nyumbani na tupa zake kwenye mfuko. Vipande vya mashine vilitoka Zambia kimoja kimoja kwenye lori la mjomba Firmin. Sanduku papa alilikunja kwa bati. Processor, yaani ubongo wa mashine, ilifika bila kile kipande cha kuipoza. Kilipotelea njiani, na mjomba aliapa kwa watakatifu wote kwamba si yeye. Papa alicheka tu. Mtu wa Likasi akose kipande cha shaba? Alikata bamba nene, akalipasua mifereji kwa msumeno ili hewa ipite, akaling'arisha mpaka ungejiona uso ndani yake, akalifunga juu ya processor kwa skrubu nne. Wageni wetu waliliangalia bamba hilo kuliko walivyoniangalia mimi.

"Ni courant," papa alisema, yaani umeme, aliposikia kishindo cha meza. "Courant ya siku hizi inacheza-cheza."

"Papa, weye unasema courant tangu juzi. Ngoja tuone."

Nilichomeka balbu kwenye soketi ileile, nikaiweka mbele ya macho yangu, nikaanza kuchapa upya. Dakika ya kumi na tisa mashine ikafa. Balbu haikupepesa hata mara moja.

"Bon," papa akasema, na hakupenda. "Apana courant."

Nikaitoa memori moja, nikajaribu; nikairudisha, nikaitoa nyingine. Ilizimika na hii na ile. Nikapuliza vumbi kila pembe mpaka nikapiga chafya. Bado. Mimi nina kichwa kigumu, mama yangu alilalamika hivyo tangu nikiwa mdogo, na siku hiyo nilishukuru. Nilichukua daftari nikaanza kuandika saa ya kila kifo. Jumatano asubuhi, kabla jua halijapiga mabati, mashine iliishi dakika thelathini na nane. Mchana, kumi na moja. Nikaizima saa nzima ipumzike, ikaishi thelathini. Nikaielekezea feni ya sebuleni, ikaongeza dakika sita tu.

"Ni moto, papa. Iko naungua."

"Moto?" Akashika bamba lake kwa mkono mzima. "Shika weye mwenyewe. Mukuba yangu iko baridi! Iko natumika muzuri." Kutumika kwetu ni kufanya kazi; mukuba ndiyo shaba, na papa analitaja neno hilo kama mtu anavyomtaja mzaliwa wake wa kwanza.

Nikashika. Kweli, lilikuwa vuguvugu tu. Nilikaribia kumwamini. Kisha nikapenyeza kidole chini yake, nikagusa ukingo wa processor, nikakiondoa kwa kelele. Iliniunguza hasa.

Nikakaa kitini nikinyonya kidole. Shaba ikiguswa na moto, inapata moto. Hilo mtoto wa Likasi analijua kabla hajajua kusoma. Chini kunaungua, juu kuna vuguvugu. Basi moto haufiki kwenye shaba.

"Papa, moto haifike kwa mukuba yako. Kuko kintu inazuia."

"Miaka makumi mbili na munane nilitumika mukuba," akasema polepole, "na weye utanifundisha mukuba?" Akaenda uani, na jioni hiyo akala hukohuko. Iliniuma. Lakini siku moja na nusu ndiyo iliyobaki.

Alhamisi alfajiri nilisimama mbele yake. "Papa, niko naomba niifungue." Aliweka bisibisi mezani, akageukia dirisha.

Nilifungua skrubu nne, nikaling'oa bamba, nikaligeuza. Upande wa chini uling'aa kwa vanishi. Na katikati, kwa chapa za chuma zilizogongwa kwa nyundo, kulikuwa na herufi sita: ANGELE.

Kule karakana kila fundi aligonga namba yake upande wa chini wa kazi yake, ule utakaofunikwa usionekane, kisha akapaka vanishi shaba isiote kutu ya kijani. Kuna 4417 chini ya vyuma vingapi katika mji huu, hata papa hajui. Safari hii hakugonga namba yake. Aligonga jina langu.

Na papo hapo nikajua kwamba ndilo linaloua mashine. Nilitamani nisijue.

"Papa, tupime na bleu."

Hapo nilimshika. Fundi wa karakana hawezi kukataa kipimo. Alichukua kioo cha dirisha, akakipaka wino wa bluu mwembamba kwa kitambaa, akalilaza bamba juu yake ili panapogusa pashike bluu, akalisogeza kidogo, akaligeuza. Bamba lote lilikuwa safi. Bluu ilishika kwenye kingo za herufi tu, pale nyundo ilipoiinua shaba pembeni mwa kila chapa. Jina langu lilisomeka la bluu, na hakukuwa na kitu kingine.

Papa aliliangalia sana. "Njo hapa tu inagusa," akasema. "Ku jina."

"Na vernis juu yake."

"Na vernis." Akapumua. "Apprenti, mutoto wa kujifunza kazi, angenifanyia hivi, ningemufukuza siku ileile."

Alitandaza msasa juu ya kioo, akaanza kulisugua bamba kwa mizunguko midogo. Vanishi ikatoka, kingo zikatoka, na jina bado lilisomeka.

"Papa, inatosha. Acha jina ibakie."

"Moto haipite mu mashimo," akasema bila kuinua kichwa. Akasugua mpaka saa nne. Herufi zikawa mikwaruzo, mikwaruzo ikawa kivuli, kisha ikabaki shaba tupu. Nililia, sifichi, na yeye alijifanya haoni. Akapaka grisi kidogo sana, akafunga skrubu.

Nilichapa kwa saa moja. Mbili. Nikagusa bamba, nikaruka.

"Papa, shika!"

Akashika, akautoa mkono haraka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Sasa iko natumika."

Mashine haikuzimika tena. Printa ya kuazima ya parokia ilipiga kelele jioni yote na asubuhi iliyofuata. Kabla ya kuunganisha kurasa, nilizigeuza karatasi za mwisho za nakala zote tatu. Nikachovya chapa za papa kwenye wino wa bluu, nikabonyeza kwa mkono, tarakimu moja moja.

Saa tano na dakika arobaini nilikuwa kwa mwalimu Evariste. Alihesabu kurasa, akafika ya mwisho, akaigeuza.

"4417. Hii ni nini, mademoiselle?"

"Ni ya fundi aliyeitengeneza, mwalimu," nikasema. "Kwetu inawekwa upande wa chini."