Sura ya Pili ya Mizue

Brigitha alikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Ungemkuta mezani na vumbi la pumba nyweleni, akibishana na madalali, usingedhani kwamba nyumbani kwake kuna kabati la vioo lililojaa sanamu za anime, zile katuni za Kijapani. Zilikuwa sanamu ndogo, nyingi hazizidi urefu wa chupa ya soda: wasichana wenye nywele za buluu, mashujaa wenye panga, mzee mmoja aliyepanda samaki. Mumewe Beatus, fundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono, ndiye aliyelitengeneza kabati. Hakuzielewa sanamu zile hata kidogo, ila kila Jumapili baada ya misa alikuwa akizipangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, moja moja, huku redio ikiimba.

Katuni hizo Brigitha alizijulia chuoni Morogoro, alikolala chumba kimoja na Aikande, binti wa Machame aliyekuwa na kompyuta na usingizi mchache. Walizitazama pamoja mpaka mitihani ikawakuta macho mekundu. Iliyomshika Brigitha ni ile ya Mizue, binti anayewavusha watu kwenye mto uliofurika, taa mkononi. Alikuwa na sababu yake. Mdogo wake Ritha alizama mto Kilombero, mtumbwi ulipopinduka wakati wa masika, na akaja kupatikana amenasa kwenye matete. Kijiji chao kizima, Mchombe, kililia. Brigitha hakulia. Hata alipoolewa na mimba mbili zikaharibika, moja baada ya nyingine, hakulia. Wakwe walisema ana moyo wa jiwe.

Mizue naye halii. Watu wanamfia mikononi, yeye anainua taa na kurudi kufuata wengine. Ni mara moja tu, karibu na mwisho, anapokaa kwenye tope na kulia kama mtoto mdogo.

Sanamu ya Mizue ya kawaida Brigitha alikuwa nayo tayari. Ndipo kampuni ikatangaza toleo maalumu: Mizue yule yule, lakini boksini ameongezewa sura ya pili, sura ya kulia. Unaichomoa ya kwanza, unapachika hiyo. Zingetengenezwa chache, na ziuzwe huko huko Japani.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhangaika. Mauzo ya kwanza mtandaoni yalifunguliwa Ifakara ikiwa ndiyo kwanza inapambazuka. Alikaa kitandani na simu, akaipata, akajaza jina, na alipofika kwenye anwani akakuta Tanzania haimo kwenye nchi zinazotumiwa mzigo. Aikande, ambaye sasa alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, akamtafutia wakala wa kupokelea Japani. Mauzo yakarudiwa. Safari hii kila kitu kilikubali isipokuwa mtandao. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, na kilipoacha kuzunguka neno likawa moja: zimeisha. Jioni ile ile aliziona zikiuzwa na walanguzi kwa bei ya ng'ombe. Akajaribu muuzaji mwingine aliyedai anayo. Ikaja feki, jicho moja juu na jingine chini, rangi inanuka petroli.

"Lakini si unaye tayari?" Beatus alimwuliza, akionyesha kabatini. "Huyu hapa, na taa yake."

"Huyo halii," Brigitha alisema.

Beatus akachukua brashi yake, akaendelea kupangusa.

Mwisho wake Aikande ndiye aliyefanikisha. Binamu yake Alex alikuwa akisoma Japani, na maonyesho ya kampuni ile yalipofanyika, alipanga foleni kwenye baridi akampata Mizue wa sura mbili. Boksi likasafiri hadi Dar, na kutoka Dar likapakiwa kwenye basi la Ifakara.

Mvua ilinyesha njia nzima. Brigitha alipofika ofisi ya basi, alikuta boksi limelowa na kupasuka, na kijana wa mizigo amekwisha kulifungua, eti aone kama kuna kilichoharibika. Mezani palikuwa na plastiki angavu. Ndani yake alilala mwanamke mdogo mwenye nguo nyeupe, na pembeni, kila kimoja kwenye kishimo chake, viganja vya akiba, na sura peke yake, macho yamefumba, machozi mashavuni.

"Mama, hiki ni nini?" kijana aliuliza.

"Sanamu tu. Ya kupamba nyumba."

"Na huu uso?"

"Unabadilishwa. Unatoa ule, unaweka huu."

Abiria walikuwa wamekwisha kusogea. Mmoja akapiga picha. Mwanamume aliyekaa juu ya gunia akauliza, "Unabadilishwa na uso wa nani?" Watu wakacheka, ila si wote. Brigitha naye alicheka, akakusanya vitu vyake, akaondoka haraka kwa furaha.

Nyumbani alikaa sakafuni, akaichomoa sura ya kwanza na kuipachika ya pili. Aliitazama, na kitu kikamfunguka kifuani. Alimlilia Ritha. Alililia na lile jina alilokuwa amemchagulia mtoto wake wa kwanza bila kumwambia mtu. Beatus alisimama mlangoni na mikono yake ya grisi, hakuingia, hakuondoka.

Waliishi nyumba ya kupanga, wakishirikiana ua na majirani. Mlango wa kuelekeana na wao ulikuwa wa Minza, muuza samaki wa kukaanga, ambaye mumewe alikuwa na ng'ombe huko upande wa Mlimba na kurudi alipojisikia. Binti yao Rosemery, bado hajaanza shule, alikuwa mgeni wa kila jioni kwenye kabati la Brigitha. Alizipa sanamu majina yake mwenyewe. Yule mzee wa samaki alimwita Babu Perege.

Wiki ile ile Rosemery akashikwa homa. Minza alimpa dawa iliyobaki nyumbani, akamfunika, akaenda sokoni, kwa kuwa samaki hawangojei. Homa ikashuka, ikapanda. Brigitha alisema, "Mama Rosemery, twende naye hospitali, nitakusindikiza." Minza akajibu kwamba atamwangalia kwanza mpaka kesho. Kesho yake mtoto akapigwa na degedege. Beatus ndiye aliyembeba kwenye pikipiki, mama nyuma amemkumbatia. Malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Rosemery hakuiona jioni.

Msibani Brigitha alijifunga kanga, akaenda kusaidia kupika kama inavyopasa. Alimenya vitunguu, akakoroga sufuria la maharage. Alipoinuka kufuata kuni na kurudi, alikuta sufuria limeteremshwa na kusogezwa pembeni, na wanawake wamebandika jingine. Maharage yale hayakuliwa na mtu. Jioni alimwona mama mmoja akiyamwaga nyuma ya choo.

Ile picha ya ofisi ya basi ilikuwa imefika kwenye kundi la mtaa la simu. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Sura ya mtoto analia. Jamani, tujiulize.* Na watu walijiuliza. Walikumbuka kwamba Brigitha hana mtoto. Walikumbuka kwamba hakulia mdogo wake alipozama. Mtoto alikuwa akiingia chumbani mle kila jioni, wakasema, na wiki kilipofika kile kitu ndiyo wiki aliyokufa. Ukiyapanga hivyo, yanapangika.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Octavian, alimwita Beatus kando.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nina akili zangu, najua ni midoli. Lakini hawa watu siwezi kuwashika midomo. Viondoe vile vitu. Viondoe leo."

"Niviondoe niseme nini?"

"Usiseme kitu. Wakiona havipo, watapoa."

Beatus hakumwambia mkewe. Alijua angekataa, na alikuwa ameona vijana wakikaa kwenye kona ya nyumba yao bila shughuli yoyote. Mchana, Brigitha akiwa kwenye mashine, alizitoa sanamu zote kabatini. Alichimba shimo dogo uani, akazimwagia dizeli, akawasha. Zilichelewa kushika. Kisha zikaanza kulainika na kuinama, nywele za buluu zikatiririka, na moshi mweusi ukapanda juu ya mabati, mtaa mzima ukauona.

Brigitha alianza kuisikia harufu tangu njia panda. Alipoingia uani alikuta bonge moja jeusi linalofuka, na katikati yake mkono mweupe, bado umeshika taa.

"Beatus. Umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Kutoka kwa nani?"

"Brigitha, wangekuua. Hujui wanayosema?"

"Nayajua. Nimekaa nayo msibani." Alichuchumaa, akataka kuushika ule mkono, ukamwunguza. "Ungeniambia. Ningezipeleka kwa Aikande, ningezipeleka popote. Yule tu, Beatus. Yule mmoja tu ungeniachia."

"Ndiye waliyemtaka huyo."

Alikuwa amesema kweli, na hilo halikumsaidia kitu.

Wala watu hawakupoa. Waliouona moshi waliuliza: kama yalikuwa mapambo, wameyachomea nini? Mtu anachoma mapambo? Kwao moto ule ulikuwa ungamo. Kabla jua halijazama jiwe la kwanza lilitua batini, likafuatwa na mengine kama mvua inapoanza. Wakavunja mlango. Walipokuta kabati tupu hasira ikazidi, maana sasa walisema amezificha nyingine. Beatus alisimama mbele ya mkewe akapigwa na mpini wa jembe mpaka mkono ukavunjika. Mzee Octavian alifika na polisi, nao wakamtoa Brigitha kwa ubavu wa nyumba, wakamfunika kitenge kichwani, wakampeleka kituoni. Kwa usalama wake, walimwambia. Alikaa kwenye benchi la kaunta, mguu mmoja hauna kiatu.

Asubuhi Minza alikuja. Askari alitaka kumzuia, mwenyewe akasema hana ubaya, anataka kuongea tu. Alikaa mwisho wa benchi. Uso wake ulikuwa umechoka na kukauka.

"Walikuwa kwako wote," Minza alisema. "Mimi sikuwepo."

"Najua."

"Ni malaria. Daktari alinionyesha cheti. Akaniambia, mama, ungemleta juzi." Alivuta kanga, akaikunja kwenye vidole. "Najua ni malaria, Brigitha. Kichwani najua."

Brigitha akamgeukia. "Basi waambie. Wewe wakikusikia watanyamaza. Toka hapo nje uwaambie."

Minza aliikunjua kanga, akaikunja tena.

"Nikisema ni malaria, ni mimi. Ni mimi niliyekwenda kuuza samaki." Sauti yake haikupanda. "Baba yake anakuja leo kutoka Mlimba. Nitamwambia nini? Wewe huna mtoto. Utaondoka hapa, utakwenda kwenu. Mimi nitakaa na mwanaume yule na jambo hili mpaka nife."

"Nilikwambia twende hospitali."

"Ulisema," Minza alisema. "Ndiyo maana siwezi kukuangalia."

Akainuka, akatoka nje. Hakuwaambia watu lolote, siku hiyo wala baadaye. Kila alipoulizwa alisema yote anayajua Mungu, na kila mtu akachukua jibu hilo akalitia maana yake.

Mwenye mashine alimtumia Brigitha ujumbe kwamba apumzike kwanza, mpaka hali itulie. Aliuelewa. Mama yake alikuja kumchukua, wakapanda gari la Mlimba, wakashuka Mchombe. Aikande alipiga simu akilia, akisema ni kosa lake, angeliufunga ule mzigo vizuri zaidi. Brigitha akamwambia boksi lilifungwa vizuri, ni mvua tu. Kisha Aikande akasema, kama mtu anayetafuta chochote cha kusema, kwamba kampuni imetangaza kumtoa tena Mizue wa sura mbili, mwakani, safari hii kwa kila anayetaka, nchi zote. Brigitha alimshukuru, akasema mtandao unakatika, akaizima simu.

Kijijini nako habari zilitangulia, lakini pale alikuwa na ukoo. Waliomwogopa walimwogopa kwa adabu. Alilima na mama yake, akapalilia, mpunga ulipochanua akashinda shambani akifukuza ndege.

Beatus alikuja wakati wa mavuno. Mkono ulikuwa umeunga vibaya na hauwezi tena kazi ya kufunga boliti. Alikuwa amepata kibarua cha ulinzi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, na chumba. Walikaa ukingoni mwa jaruba la mpunga.

"Kule hakuna anayetujua," alisema. "Watu wametoka kila mkoa. Tutaanza upya."

"Nimekusamehe, Beatus."

"Basi twende."

"Nimekusamehe. Lakini kila nikikuona nasikia ile harufu."

Beatus akaangalia mkono wake. Hakuondoka siku ile. Alikaa kwa mjomba wa Brigitha, akavuna pamoja nao kwa mkono mmoja, akabeba matita ya mpunga kichwani mpaka shamba likaisha. Mama mtu alimpikia wali wa mpunga mpya na kuku. Alfajiri iliyofuata Brigitha alimsindikiza hadi barabarani. Gari lilipokuja alimpa kifuko cha mchele, akamwambia asiuloweke kabla ya kupika, mpya hautaki. Beatus akapanda. Brigitha alirudi shambani kabla gari halijapotea, kwa kuwa kulikuwa na majaruba ya jirani ambayo bado hayajavunwa, na yeye alikuwa ameahidi kusaidia.